Mawimbi ya Redio Yaliyopotoka, na Namna ya Kuyanyosha

Anga la Ayany, mtaa ulio ukingoni mwa Kibera mjini Nairobi, limejaa mawimbi ya redio. Yamo mawimbi ya simu za mkononi, ya televisheni, ya stesheni kubwa, na ya redio za mtaa kama Pamoja FM, iliyoanza kutangaza huko Kibera mwaka 2007. Tena si mbali na hapo upo Uwanja wa Ndege wa Wilson, ambako marubani hupata maongozi kwa redio. Wote hawa hutumia anga moja, wala hawagongani, kwa sababu kila mmoja amepewa njia yake. Katika Kenya kazi ya kugawa njia hizo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Lakini mgawanyo huo haufai kitu ikiwa mtambo haukai katika njia yake. Chombo kinachoweza kuleta matata mengi ni kile cha mwisho, yaani kiongeza nguvu. Mawimbi yanayotoka katika vyombo vya awali ni dhaifu mno, kwa hiyo kabla ya kupanda mlingotini hupitishwa katika chombo hicho. Kazi yake ni kukuza kila kitu kwa kadiri moja: kilichokuwa kimoja kiwe mia, vilivyokuwa viwili viwe mia mbili. Hata hivyo kila chombo kina kikomo. Kikilemewa, vilivyokuwa vitano havitoki mia tano bali mia nne tu, na vilele vya mawimbi hukatwa. Aliyewahi kusikia spika ya matatu iliyofunguliwa kupita kiasi ameujua upotofu huo kwa masikio yake.

Ubaya wake haukomi kwenye mkwaruzo. Mawimbi mawili yakikutana ndani ya chombo kilicholemewa huzaa mengine ambayo hakuna aliyeyatuma. Hesabu yake si ngumu: namba ya wimbi moja huzidishwa kwa mbili, kisha hutolewa namba ya wimbi la pili. Kwa mfano, 105 mara mbili ni 210. Ukitoa 98, inabaki 112. Basi, njia za FM huishia megahatsi 108, na kutoka hapo hadi 137 ni njia za ndege. Wimbi hilo la 112 limekwisha kuingia mahali pa vyombo vinavyomwonyesha rubani mwelekeo wake. Ndiyo sababu wakaguzi hawalichukulii jambo hili kuwa dogo.

Mtambo wa FM wenyewe una nafuu, maana kimo cha mawimbi yake hakipandi wala hakishuki. Hatari yake kubwa ni pale milingoti inapokaribiana, mawimbi ya jirani yakaingia chomboni kwa kupitia waya wa hewani. Dawa yake ni chujio linalopitisha njia moja tu. Lakini mawimbi ya simu za 4G na ya televisheni ya kidijitali hupanda na kushuka sana. Nguvu ya kilele huweza kufika mara kumi ya wastani. Hapo chujio halitoshi, kwa kuwa mawimbi ya uzushi huota ubavuni kabisa mwa yale halali.

Mafundi wana njia kadha za kuyanyosha. Ya kwanza ni kukipunguzia chombo mzigo. Nguvu inayoingia ikipunguzwa nusu, mawimbi ya uzushi ya namna iliyoelezwa hupungua mara nane. Ni njia rahisi, lakini ina gharama, maana chombo kisichotumika sawasawa hugeuza umeme mwingi kuwa joto. Na mlingoti unapoendeshwa kwa jenereta, joto hilo ni mafuta yaliyopotea.

Njia ya pili ilibuniwa na Harold Black wa Marekani mwaka 1927, alipokuwa akivuka mto Hudson kwa feri kwenda kazini. Sehemu ndogo ya kile kinachotoka hurudishwa mlangoni, ili chombo kijisahihishe chenyewe.

Njia ya tatu ndiyo inayotumika sana katika milingoti ya simu. Fundi cherehani akijua kwamba kitambaa hurudi kikifuliwa, hukikata kikubwa kwa kadiri ile ile, na nguo hukaa vizuri baada ya kufuliwa. Vivyo hivyo, kompyuta hupima jinsi chombo kinavyopotosha, kisha huyapinda mawimbi upande wa pili kabla hayajaingia. Upotofu hukutana na kinyume chake, na mawimbi hutoka yamenyoka. Kwa hila hii huweza kutumika kiongeza nguvu kilichobuniwa na William Doherty mwaka 1936, ambacho huokoa umeme mwingi ingawa hupotosha zaidi kikiachwa peke yake.

Mambo haya si ya mafundi wakubwa peke yao. Mwenye redio ya mtaa yampasa asiongeze nguvu kupita kibali chake, aweke chujio, na mtambo wake upimwe kwa chombo kinachoonyesha njia za jirani pia. Naye mwenye nyumba anayetaka kununua kiongeza nguvu cha simu yafaa ahakikishe kwanza kwamba aina hiyo imeidhinishwa. Chombo kibaya huweza kumpa yeye mawimbi mazuri sebuleni, kumbe kinawanyima majirani zake wote.