Je, Wajua? Bwawa Jipya la Samaki Kisii na Nyamira

Je, wajua kwamba ukichimba bwawa leo kule Keroka, ukalijaza maji ya chemchemi yanayong'aa hadi chini, hapo hujapata bwawa bado? Umepata shimo lenye maji. Maji maangavu hayana chakula cha tilapia, wala hayana bakteria wa kutosha wa kumaliza uchafu wake. Mkulima wa samaki hufuga maji kwanza.

Je, wajua nini hasa kinachoua vifaranga vya wiki ya kwanza? Watu hulaumu safari, ndoo, hata jicho baya la jirani. Mara nyingi ni amonia. Samaki huitoa kupitia mashavuni, na chakula kinachobaki chini huizidisha kikioza. Katika bwawa lililokomaa, bakteria aina ya Nitrosomonas na jamaa zake huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha kundi jingine, wakiwemo Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni mbolea ya mimea midogo ya majini. Bakteria hawa wako kila mahali, ila huzaana polepole sana. Bakteria wa tumboni anaweza kujigawa kwa dakika 20. Hawa huchukua saa nyingi, hata siku nzima, na baridi ya Nyamira huwachelewesha zaidi.

Je, wajua kwamba mzunguko huohuo ndio unaowatesa wafugaji wa matumbawe ndani ya vioo? Mwenye tangi jipya la maji ya chumvi, awe Mombasa au Berlin, husubiri wiki nne hadi sita kabla amonia na nitriti hazijashuka. Wengi huweka mawe yaliyotolewa baharini, yenye bakteria tayari. Wa kwanza kuwatenga bakteria hawa na kueleza kazi yao alikuwa Mrusi Sergei Winogradsky, mjini Zurich, mwaka 1890.

Na kuna jambo moja ambalo mwenye tangi la baharini anatuzidi. Nitriti hugeuza damu ya samaki ikawa ya kahawia, isiweze kubeba oksijeni. Kloridi iliyo kwenye chumvi huizuia isipite mashavuni, na maji ya bahari yana takriban gramu 19 za kloridi kwa lita. Ndiyo maana chumvi ya kawaida huwekwa bwawani nitriti inapopanda, kwa kipimo kidogo. Si gunia zima.

Je, wajua kwamba kinachoipendeza chai ndicho kinacholiharibu bwawa? Majani ya chai ya Kebirigo na Nyansiongo hustawi kwa kuwa udongo wetu mwekundu una asidi. Bwawa linalochimbwa kwenye udongo huo hupata maji laini yasiyo na kinga. Mchana, mimea midogo ikifyonza hewa ya kaboni, pH hupaa. Usiku hushuka tena. Hatari iko kwenye kule kupaa kwa mchana. Kwenye joto la digrii 20 na pH ya 7, amonia yenye sumu kali ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote. pH ikifika 9, inazidi asilimia 25. Kwa hiyo maji yaliyokuwa salama asubuhi yanaweza kuua saa tisa alasiri, na hakuna aliyeongeza kitu.

Dawa yake ni chokaa ya shambani, inayomwagwa sakafuni na kwenye kingo kabla ya kujaza maji. Bwawa ambalo kinga yake ya asidi, yaani alkalini, iko chini ya miligramu 20 kwa lita linahitaji chokaa bila mjadala. Bakteria wenyewe pia wanaihitaji: kwa kila miligramu moja ya naitrojeni ya amonia wanayogeuza, hula takriban miligramu 7 za alkalini hiyo. Machimbo ya chokaa hayako mbali, yako Koru, Kaunti ya Kisumu. Lakini tafadhali, unga wa jiwe la sabuni wa Tabaka si chokaa. Ni mweupe tu.

Je, wajua kwamba chokaa na mbolea havitiwi siku moja? Chokaa hunasa fosforasi, na fedha za mbolea ya DAP zikazama matopeni. Acha wiki moja au mbili zipite. Kisha kipimo kinachofahamika kwa wafugaji wa Kenya ni gramu 2 za DAP na gramu 3 za yurea kwa kila mita ya mraba kwa wiki. Mwenye ng'ombe anaweza kutumia samadi kavu, takriban gramu 50 kwa mita ya mraba kwa wiki, akaifunga kwenye gunia na kulining'iniza pembeni mwa bwawa. Samadi iliyomwagwa ovyo hushuka chini, huoza na kula oksijeni.

Je, wajua kwamba mwinuko nao unatudai? Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji hushika karibu moja ya tano pungufu ya oksijeni kuliko maji yenye joto lilelile pwani. Afueni yetu ni baridi, kwa kuwa maji baridi hushika oksijeni zaidi. Hesabu inakaribia kulingana. Tilapia ndiye hafurahii: yeye hupenda digrii 25 hadi 30, na chini ya 20 hula kidogo na kukua kwa kusuasua.

Saa mbaya zaidi bwawani ni kabla ya alfajiri. Usiku kucha mimea imekuwa ikivuta oksijeni badala ya kuitoa. Ukiwakuta samaki wamepanua midomo juu ya maji saa kumi na mbili asubuhi, usiwape chakula, hata wakija mbio. Ongeza maji mapya yanayoanguka kutoka juu. Kambare hatajali sana. Ana kiungo cha kupumulia hewa.

Je, wajua kwamba mwaka 2009 serikali ilianza kuchimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge kati ya 140 yaliyochaguliwa, kila bwawa mita za mraba 300? Ulikuwa mpango wa kuchochea uchumi. Mengi yaliachwa baadaye. Bei ya chakula cha samaki ililaumiwa, na kwa haki, lakini kwa maoni yangu koleo ilikimbia kuliko elimu.

Mkaratusi kando ya bwawa? Ukate. Majani yake huyafanya maji kuwa meusi kama chai ya rangi, na kivuli chake huinyima mimea midogo jua.

Je, wajua kwamba kifaa cha kupimia maji unacho tayari? Chovya mkono wima hadi kiwiko, ukitazama kiganja. Kikipotea maji yanapofika karibu na kiwiko, na rangi ni ya kijani, maji yamekomaa. Kikiwa bado kinaonekana, ongeza mbolea. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo tu, simamisha mbolea na punguza chakula. Rangi ikiwa ya tope, kipimo hicho hakina maana, subiri litulie.

Kipimo cha kawaida cha kuanzia ni vifaranga watatu kwa mita ya mraba. Kabla ya kulipia hata mmoja, muone afisa wa uvuvi wa kaunti yako, au fika Kegati kwenye kituo cha KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, ukiwa na chupa ya maji ya bwawa lako.