Ukiuliza "picha bomba?", utavishwa kilemba cha ukoka!

MPENZI msomaji, kama umewahi kuingiza picha kwenye shindano, ugonjwa huu unaujua. Unaikodolea macho picha yako usiku kucha, kesho yake unaanza kuizungusha mtaani: "Mshikaji, cheki hii. Bomba, eeh?" Na mshikaji atasema nini? "Bomba, mzee!" Unarudi nyumbani kifua mbele. Lakini ukweli ni kwamba hujaambiwa kitu. Umevishwa kilemba cha ukoka tu, na jua la Mwanza likiwaka kidogo kitakauka.

Mimi kalamu ndiyo inayoniweka mjini, kamera ni mapenzi. Nilipopata habari za shindano la picha lenye mada ya "Kazi", nikajisemea: safari hii nitatafuta maoni ya kweli kabla ya kutuma. Maana mashindano mengi hayana muda wa kumwandikia kila aliyekosa na kumweleza kisa. Jina lako halimo kwenye orodha, basi, habari imeishia hapo. Anayetaka kujua picha yake inasema nini aulize mapema.

Halafu kuna hili suala la mada, ambalo wengi tunalichukulia kimzaha. Chukua shindano la Wiki Loves Africa, lililoanza mwaka 2014. Mwaka huo mada ilikuwa mapishi. Mwaka 2017 ikawa watu kazini, na mwaka 2023 ikawa hali ya hewa na tabianchi. Sasa piga picha ya akina mama na dagaa wao pale mwaloni, wingu jeusi likija. Inaweza kuingia mashindano yote matatu! Ila kwenye mapishi jaji atatafuta chakula, kwenye kazi atatafuta jasho, na kwenye tabianchi atalitazama wingu. Kwa hiyo swali la "nzuri au mbaya" halina msaada. Picha inaweza kuwa nzuri kama malaika na ikawa haijaigusa mada hata kwa ncha ya kidole.

Nilikuwa na picha mbili mkononi. Ya kwanza ni Jiwe la Bismarck jua likizama, maji yamekuwa dhahabu tupu, na mtumbwi wenye mvuvi mmoja unapita mbele. Ya pili niliipiga Igombe, wilayani Ilemela. Mvua inakuja kutoka ziwani, akina mama wanakimbia na mabeseni ya dagaa, aliye mbele uso umefichwa nusu na beseni, mguu wake umetoka ukungu kwa sababu ya mbio, na pembeni kuna dumu la njano limejikalia.

Kituo cha kwanza kikawa kijiweni. Jamani, kura zote zilikwenda kwa Bismarck! "Hii ni ya kalenda," alisema mmoja. Ya Igombe walisema inatia aibu, eti mguu haueleweki na dumu linaharibu mandhari. Mmoja akaniandikia na maelezo ya chini ya picha, bure kabisa: "Wanawake wakianika dagaa". Mwingine, fundi wa kompyuta, akajitolea: "Nipe dakika tano tu, hilo dumu nalifuta, hakuna atakayejua."

Hapo nikamwambia asante, lakini hapana. Wapo waliofuta vidogo kuliko dumu na yakawakuta. Mwaka 2010, Stepan Rudik, aliyekuwa ametunukiwa na World Press Photo, alinyang'anywa tuzo kwa sababu alifuta kipande cha mguu wa mtu kilichochungulia nyuma ya picha yake. Kipande cha mguu! Mwaka 2018, Wildlife Photographer of the Year nao walimfuta Marcio Cabral wa Brazil, baada ya kubaini kwamba mnyama mla-sisimizi aliyeonekana kwenye picha yake iliyoshinda alikuwa amekaushwa na kujazwa, siyo mzima. Na mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen aliikataa mwenyewe tuzo ya Sony World Photography Awards, akasema picha yake imetengenezwa kwa akili bandia, na kwamba alitaka kuona kama mashindano yako tayari kwa mambo hayo. Dumu likabaki.

Washikaji siwalaumu. Wananipenda, na mtu anayekupenda anatazama kwanza uso wako, kisha picha yako.

Kituo cha pili nikaenda kwa mzee mmoja mwenye studio mjini, mtu aliyeanza na mikanda ya filamu na chumba cha giza. Nikamwamkia, nikaweka picha mezani. Hakusema nzuri wala mbaya. Akachukua kiganja chake, akauziba mtumbwi kwenye ile ya Bismarck.

"Picha imepungukiwa nini?" akauliza.

Nikatazama. Jiwe lipo, jua lipo, dhahabu ipo. "Haijapungukiwa, mzee."

"Basi huyo mvuvi hafanyi kazi humu. Kapita tu."

Akahamia ya Igombe. Akaziba dumu: hakikuharibika kitu, wala hakikuongezeka. Akaziba mguu wenye ukungu: mbio zikafa, mama akawa kama amesimama kupigwa picha. Mwisho akaziba wingu, na hapo msomaji wangu, nilishangaa. Wale akina mama wakawa kama wanacheza! "Umeona?" akasema. "Wingu ndilo linalowakimbiza. Ukikata picha pembeni, kata unapotaka, ila wingu usiliguse."

Somo hilo la kiganja limegharimu soda moja tu. Lijaribu na picha zako leo.

Kituo cha tatu ndicho wengi hatufiki: kwa mwenye picha. Simaanishi aliyebonyeza kamera, namaanisha aliyeonekana ndani yake. Nikapanda gari hadi Igombe, nikamtafuta yule mama wa beseni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo wewe wa ile mvua?"

Nikampa picha. Nilidhani atajitafuta yeye kwanza, kama wengi tunavyofanya. Wapi! Kidole kilikwenda moja kwa moja nyuma ya picha, kwenye rundo dogo mchangani. "Hili hatukuliwahi," akasema.

Hapo akanifundisha kazi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, asubuhi hutandazwa mchangani, juu ya mawe au kwenye vichanja, na jua kali la siku moja huwakausha. Mvua ikiwakuta kabla hawajakauka, wanaharibika. Wanaooza wanaishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, na mtaji unakwenda na maji.

Nikamsomea yale maelezo ya kijiweni. Akacheka. "Hatuaniki hapo, tunaanua! Anayeanika hakimbii." Kisha akaacha kucheka. "Ukiandika, andika kwamba tulipata hasara. Usiandike tunafurahia mvua. Na ukishinda, mimi napata nini?"

Swali halali kabisa. Mwanza tunajua maana ya kuonyeshwa duniani bila kuulizwa. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliutangaza mji wetu na sangara wake hadi ikateuliwa kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akailalamikia hadharani. Mpaka leo watu wanabishana kama ilitutendea haki. Mama wa Igombe hana jukwaa la kulalamikia. Ana mimi tu, na siku hiyo tu. Tukaelewana: nakala iliyochapishwa ni yake kwa vyovyote vile, na zawadi ya fedha ikipatikana tunagawana.

Nikatuma ya Igombe, na dumu lake, na wingu lake. Chini nikaandika: "Wanawake wakianua dagaa mvua ikiingia, Igombe. Rundo la nyuma halikuwahiwa." Sikushinda, na hakuna aliyeniambia kwa nini. Nakala nimeshaipeleka. Mama ameibandika kwenye banda lake, na wateja wakiuliza, anawaonyesha lile rundo kabla ya kujionyesha mwenyewe.

Kwa hiyo, wewe unayejiandaa na shindano lako, acha kuuliza "bomba?" Muulize mtu asiyekufahamu: "Unaona nini hapa?" Kisha nyamaza, usimsaidie. Muulize fundi: "Niondoe nini?" Muulize anayeijua kazi hiyo: "Kuna uongo humu?" Na aliyemo ndani ya picha muulize kama anakubali, na kwa maneno gani. Mficha uchi hazai, ati.

Haya, kwa leo naishia hapa. Ukipita Mwaloni Kirumba, nunua dagaa wakavu, na ukumbuke kuna mtu aliyekimbia ili wawe wakavu.