Alipitia, Alipatwa au Alivumilia?

Mzee wa nyumba yako akifariki, nawe ukaombwa kuandika habari za maisha yake zisomwe siku ya mazishi, utachagua neno gani? Wengi huandika, "Alipitia shida nyingi," kisha hukimbilia kuhesabu wajukuu. Na tuyapime maneno hayo kwa mambo yaliyotokea hapa kwetu Karatu na Ngorongoro.

Kuona. Aliyeona ukame wa mwaka 2022 alikuwapo. Lakini je, waliokufa ni ng'ombe wake, au wa jirani? Neno hili halisemi.

Kupatwa. Sotoka ilipoingia katika miaka ya 1890, Wamasai walipatwa: ng'ombe walikufa makundi kwa makundi, na njaa ikafuata. Neno hili lasema msiba ulimwangukia mtu. Halisemi yeye alifanya nini.

Kuvumilia. Hapa mtu mwenyewe anafanya kazi: anagawa unga kidogo uliobaki, anafuata maji mbali, anakesha na mgonjwa. Usimnyime mama yako neno hili kama alilistahili.

Kunusurika. Huyu alitoka hai, na wengine hawakutoka. Ukiliandika, wakumbuke na hao.

Je, kupitia ni kosa? La. Lakini kupitia ni kama njia: mtu huingia huku akatokea kule. Ambaye shida yake haikwisha mpaka kufa kwake, hakuipitia, aliishi nayo.

Basi, angalia jambo zito zaidi. Mwaka 1959 Wamasai waliokaa Serengeti waliondoka wakaja Ngorongoro. Iko hati ya mwaka 1958, iliyotiwa saini na wazee, isemayo kwamba walikubali. Lakini mtoto wa siku zile, ambaye leo ni bibi kizee, utaandika kwamba alihama au alihamishwa? Alihama, yaani ni shauri lake na jamaa zake. Alihamishwa, yaani ni shauri la mwingine. Imezidi silabi moja tu, na habari yote imegeuka.

Kwa hiyo, usingoje msiba. Jioni mkiota moto, muulize bibi yako kwa lugha ya nyumbani, iwe Kimasai au Kiiraqw: "Mwaka ule ilikuwaje?" Usimtilie neno kinywani. Sikiliza lile atakalochagua mwenyewe, kisha utafute la Kiswahili linalolingana nalo. Maisha yalikuwa yake. Na neno liwe lake.