Jimbo la Pala: Kiti cha Wakulima wa Mpira

Mkulima wa zao la biashara ana mambo mawili yasiyo mkononi mwake: mvua na bei. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Bei, kwa sehemu yake, hutengenezwa na watu, na baadhi ya watu hao huchaguliwa kwa kura. Kwa hivyo yafaa wanachama wajue khabari za jimbo moja la uchaguzi la wakulima wenzetu wa ng'ambo, tupate kuona kura ya mkulima inafanya kazi gani, na nguvu zake zinakoma wapi.

Jimbo hilo ni Pala, katika Kerala, kusini-magharibi ya India, ng'ambo ya bahari yetu hii. Sehemu ya kaskazini ya Kerala ndiyo Malibari waliyoijua mabaharia wa zamani. Kerala ni mojawapo ya madola yaliyoungana kufanya India. Ilianzishwa tarehe 1 Novemba 1956, na ina Baraza lake la Kutunga Sheria, ambalo wajumbe wake wa kuchaguliwa ni 140. Kila mjumbe hutoka katika jimbo lake.

Mahali penyewe

Pala ni mji ulio kando ya mto Meenachil, katika wilaya ya Kottayam. Watu wake wengi ni Wakristo wa Kikatoliki, na wengi wana mashamba madogo. Zao lao kubwa ni mpira. Miti hugemwa alfajiri, utomvu ukakingwa katika vikombe au vifuu vya nazi, kisha hugandishwa, hukamuliwa ukawa bapa, na hukaushwa kwa moshi. Hapo ndipo unapokuwa tayari kwa mnunuzi. Bodi ya Mpira ya India nzima ina makao yake makuu papo hapo Kottayam.

Mkulima wa namna hiyo hana haja ya kuelezwa maana ya bei. Mwaka 2011 kilo moja ya mpira ilipita rupia 200. Mwanzoni mwa mwaka 2016 ilikuwa imeanguka chini ya rupia 100. Miti ni ile ile na kazi ni ile ile, lakini mapato yamepungua zaidi ya nusu.

Mshindi asiyekaa kitini

Mwaka 1964 wajumbe 15 wa chama cha Congress katika Kerala walijitenga na wenzao, na Serikali ya chama chao ikaanguka. Wakaunda chama kipya, Kerala Congress, ambacho kilipata nguvu nyingi kwa wakulima wa Kottayam na wilaya za jirani. Uchaguzi ulipofanywa mwaka 1965, Pala ilimchagua mwanasheria wa chama hicho, Bwana K. M. Mani, aliyekuwa na umri wa miaka 32.

Lakini mwaka ule hakuna chama kilichopata wajumbe wa kutosha kuunda Serikali. Baraza likavunjwa kabla ya kukutana hata siku moja, na Kerala ikatawaliwa kutoka Delhi mpaka mwaka 1967. Bwana Mani alikuwa ameshinda, na kiti hakukikalia. Ilimbidi arudi kwa wapiga kura wale wale mwaka 1967 kuomba upya, nao wakampa.

Mwaka 1970 alikaribia kuanguka. Alimshinda Bwana M. M. Jacob wa Congress kwa kura 364 tu. Lau watu 183 katika waliompa kura wangalimpa mwenzake, khabari za Pala zingalikuwa nyingine kabisa.

Baada ya hapo alishinda mara kwa mara: 1977, 1980, 1982, 1987, 1991, 1996, 2001, 2006, 2011 na 2016. Ukizihesabu zote tangu 1965 ni mara 13, na hakushindwa hata mara moja. Vyama viligawanyika naye akiwamo, na tangu 1979 tawi lake likaitwa Kerala Congress (M), herufi ya jina lake. Mwaka 1980 alikuwa Waziri katika Serikali ya vyama vya mrengo wa kushoto. Baadaye akarudi upande wa Congress. Pala haikumwacha katika hali zote hizo.

Alichokifanya, na alichokuwa hawezi

Bwana Mani alikuwa Waziri wa Fedha kwa vipindi kadha wa kadha, na alisoma bajeti 13 mbele ya Baraza. Katika bajeti yake ya mwaka 2015 alitenga fedha za kuwafaa wakulima wa mpira. Mpango ulikuwa hivi: bei ya soko ikiwa chini ya rupia 150 kwa kilo, Serikali ya Kerala humlipa mkulima mdogo tofauti yake, na fedha huingia katika hesabu yake ya benki. Vyama vya wakulima vijijini ndivyo vinavyothibitisha kwamba mpira umeuzwa kweli.

Hapa yafaa tufahamu vizuri. Ushuru wa mpira unaoingia India kutoka nchi nyingine hauamuliwi na Kerala. Huamuliwa na Serikali kuu iliyoko Delhi. Mjumbe wa Pala, hata akiwa Waziri wa Fedha, hawezi kuufunga mlango wa bandari. Awezalo ni kuchukua fedha katika hazina ya dola yake na kuziba pengo. Hiyo ni kazi ya maana, lakini ina mpaka, na mkulima asiyejua mpaka huo atamlaumu au atamsifu mtu asiyehusika.

Hesabu zilizokuwa zikisema

Katika chaguzi tatu za mwisho za Bwana Mani, mshindani wake alikuwa mmoja, Bwana Mani C. Kappan. Majina yanafanana, lakini watu ni mbali mbali. Tazameni Bwana Mani alimpita kwa kura ngapi:

Mwaka 2006: kura 7,759.
Mwaka 2011: kura 5,259.
Mwaka 2016: kura 4,703.

Uchaguzi huo wa 2016 ulikuja miezi michache baada ya kujiuzulu uwaziri, Novemba 2015, kwa sababu ya tuhuma za rushwa katika mambo ya leseni za baa, tuhuma alizozikana. Alishinda. Lakini mwenye kusoma hesabu aliona kwamba maji yanakupwa.

Bwana Mani alifariki tarehe 9 Aprili 2019. Chama chake kikagawanyika papo hapo, upande mmoja ukimfuata mwanawe, Bwana Jose K. Mani, na upande wa pili Bwana P. J. Joseph. Ugomvi ukafika hata kwenye alama ya kura. Chama kilikuwa na alama ya majani mawili, iliyozoeleka kwa watu wa Pala. Katika uchaguzi mdogo wa Septemba 2019 mgombea wao, Bwana Jose Tom, aliikosa alama hiyo, akapewa nanasi. Bwana Kappan, aliyekwisha shindwa mara tatu, akashinda kwa kura 2,943.

Mwaka 2021 mambo yakageuka tena. Bwana Jose K. Mani alikwisha hamia muungano wa mrengo wa kushoto, naye Bwana Kappan, kwa kuona kiti chake kitapewa mgeni huyo, akahamia upande wa pili. Wakakutana Pala. Mrengo wa kushoto ulipata viti 99 katika 140 vya Kerala nzima, lakini Pala ulishindwa: Bwana Kappan alimpita mtoto wa mjumbe wa zamani kwa kura 15,378.

Basi, kiti kilichokaliwa na mtu mmoja zaidi ya nusu karne hakikuweza kurithiwa kama shamba. Wakulima wa Pala walikuwa wakimpa mzee kura zao kila mara kwa hiari yao, na hiari hiyo ilibaki mikononi mwao.

Mwanachama atakaposoma matokeo ya uchaguzi wowote, uwe wa nchi au wa kamati ya tawi lake, asitosheke kuuliza nani kashinda. Aulize kashinda kwa kura ngapi, na mara iliyopita zilikuwa ngapi.