Mwenye nyumba ya wakfu atamdhamini nani?

Ujumbe huingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kabla ya adhuhuri, na huwa mfupi: jina la kijana, jina la mamake, kiasi alichotaja hakimu, nambari ya M-Pesa na saa ya mwisho. Hiyo saa ya mwisho ndiyo inayotia watu mbio. Malipo yasipoingia, na karani asipotoa karatasi ya kumwachilia kabla ya ofisi kufungwa, gari la magereza litaondoka naye kwenda gereza la Shimo la Tewa. Ikiwa ni Ijumaa, hesabu ni hadi Jumatatu. Simu zaanza kulia. Mia mbili za muuza mbaazi wa Kibokoni, elfu moja ya binamu aliyeko Muscat, hamsini za mtu ambaye hataki jina lake litajwe. Anayesimamia mchango huandika orodha, jina na kiasi, na kuirudisha kundini kila inaporefuka, ili asije mtu kuuliza pesa zimekwenda wapi.

Mji wa Kale wa Mombasa unajua kuchanga. Watu huchangia maziko, arusi, karo, tikiti ya mgonjwa wa kupelekwa India. Dhamana nayo imejipenyeza humo, na leo mwenye jamaa aliyeshikwa hana haja ya kueleza mengi. Kila mtu anajua maana ya kulala rumande.

Anayetoka Mji wa Kale kwenda mahakamani hupita kando ya Fort Jesus. Ngome hiyo, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waingereza waliigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Karibu nayo lipo jengo la mahakama ya zamani, lililojengwa 1902. Enzi hizo mahakama na jela zilikuwa jirani, na mama aliweza kumpelekea mwanawe chakula kwa miguu. Shimo la Tewa iko Shanzu, mbali na kisiwa, mwendo wa matatu hadi karibu na daraja la Mtwapa. Kumtembelea mahabusu ni nauli ya kwenda na kurudi na kibarua cha siku nzima kimepotea. Mara nyingi anayekwenda ni yuleyule ambaye pia ndiye anayetafuta pesa.

Wengi hudhani shida ni umaskini peke yake. Umaskini upo, lakini Pwani kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha, nalo ni ardhi. Sikiliza vile masharti ya dhamana yanavyotolewa kila siku: bondi ya shilingi 200,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hichohicho, au shilingi 50,000 taslimu. Mwenye hatimiliki ya shamba au ploti huiweka mahakamani, inathibitishwa, ndugu yake anatoka. Hatoi hizo elfu hamsini. Anayelazimika kuzitafuta ni yule asiye na karatasi.

Na Mombasa asiye na karatasi ni nani? Ni wenyeji wenyewe. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ni za wakfu au za urithi wa watu ishirini, na kuna mrithi Lamu, kuna mrithi Jeddah. Majengo kuna utaratibu wa miaka mingi wa nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, ardhi ni ya mtu mwingine, unamlipa kodi ya kiwanja. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mtu wa ukanda wa Pwani alete madai yake ya umiliki, na Wamijikenda na Waswahili wengi wakajikuta nje ya daftari hilo. Makosa ya 1908 yanaonekana leo kwenye meza ya karani.

“Mama, una hati ya shamba?”

“Sina, mwanangu. Nyumba tunayokaa ni wakfu.”

“Kitabu cha gari?”

Gari lenyewe hakuna. Mazungumzo kama haya humalizika kwa mama kutoka kwenye ukumbi na kumpigia simu msimamizi wa mchango.

Hapo ndipo inafaa kuuliza sheria inasema nini, maana kwenye karatasi Kenya haina sababu ya kuwa na msongamano wa mahabusu. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia. Kifungu hichohicho kinakwenda mbali zaidi: kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, mshtakiwa hafai kuwekwa rumande kabisa. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inakataza dhamana kupita kiasi na inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuipunguza. Mwaka 2015 Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki lilitoa mwongozo wa dhamana unaowakumbusha mahakimu na polisi kwamba hali ya kifedha ya mshtakiwa ni jambo la kuangaliwa. Pamoja na hayo yote, kwa miaka mingi mahabusu wamekuwa zaidi ya theluthi moja ya watu walioko magerezani Kenya. Hawa ni watu ambao hakuna mahakama iliyowatia hatiani.

Kinachoniuma zaidi hakionekani kwenye takwimu. Mtu akikaa rumande na kesi yake ikaahirishwa mara mbili tatu, huanza kupiga hesabu nyingine. Akikubali kosa, huenda akapewa faini ndogo au kifungo cha mwezi mmoja, amalize aende zake. Akikana, atangoja miezi akiwa ndani. Basi anakubali. Anatoka na rekodi ya jinai kwa jambo ambalo pengine hakulifanya, na siku akienda kutafuta kazi bandarini au safari ya Ghuba, akaambiwa alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, jina lake linasomeka vibaya. Kwa hiyo elfu hamsini zilizokosekana asubuhi moja zinaweza kumfuata miaka kumi.

Wapo majirani wasiotaka kusikia habari za mchango huu, na siwalaumu. Mtaa uliovamiwa na vijana wenye mapanga, mtu akakatwa mkono kwa sababu ya simu, hauna hamu ya kumlipia dhamana anayeshukiwa. Lakini hofu yao haijibiwi na pesa. Katiba imeshampa hakimu njia ya kumzuia mshtakiwa ambaye ni hatari, au atakayewatisha mashahidi, au atakayetoroka, na njia hiyo haihitaji kutaja kiasi chochote. Kama kijana ni hatari, kulipa elfu hamsini hakumwondolei hatari. Kama si hatari, kuzikosa hakumfanyi kuwa hatari. Tena katika msako wa usiku hushikwa wengi kwa pamoja, mwenye panga na aliyetoka kununua mahamri, na asubuhi wote wanapanda kizimba kimoja.

Mchango wa dhamana una sifa moja ambayo mitaa haijaitumia ipasavyo. Pesa hizi hurudi. Mshtakiwa akihudhuria kesi hadi mwisho, mahakama humrudishia aliyelipa, hata kama mshtakiwa amepatikana na hatia. Faini haiko hivyo. Mwezi Machi 2020, Mahakama ya Kisutu Dar es Salaam ilipowatoza Freeman Mbowe na viongozi wenzake wa CHADEMA faini za jumla ya shilingi milioni 350 za Tanzania, wafuasi wao walichanga kwa simu na benki hadi wakawatoa gereza la Segerea. Ilikuwa kazi kubwa, lakini ile ilikuwa faini, na faini ikishalipwa imekwenda. Mtaa ulioweka akiba ya laki tatu kwa ajili ya dhamana, ukatunza risiti, unaweza kuwatoa watu kwa pesa zilezile tena na tena.

Jamaa zetu walioko Oman wanalijua jambo linalokaribiana na hili. Chama cha mawakili cha huko huendesha mradi wa Fak Kurba, unaokusanya michango ya watu kuwatoa gerezani waliofungwa kwa madeni wasiyoweza kuyalipa. Aya ya 60 ya Sura ya Tawba inawataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Iwapo zaka yafaa kwa dhamana ya mahabusu, hilo ni la wanazuoni. Sadaka haina mjadala.

Hata hivyo, mfuko peke yake hautoshi, na Chicago walilitambua hilo mapema. Mfuko wa jamii uliokuwa ukiwalipia watu dhamana huko, Chicago Community Bond Fund, ulianza 2015, na tangu mwanzo ulisema waziwazi kwamba lengo lake ni kufika siku ambayo hautahitajika tena.  Tarehe 18 Septemba 2023 Illinois, jimbo lenye mji huo, ikawa jimbo la kwanza la Marekani kufuta kabisa dhamana ya pesa. Hakimu wa huko sasa anaamua mshtakiwa azuiliwe au aachiliwe, bila kutaja pesa.

Kwetu hatuhitaji hata kungoja sheria mpya. Julai 2025 mwanaharakati Boniface Mwangi aliachiliwa kwa bondi ya kibinafsi ya shilingi milioni moja, yaani aliondoka kwa ahadi yake mwenyewe bila kuweka senti. Ilikuwa sawasawa na sheria. Ninachodai ni kwamba mpiga mkokoteni wa Marikiti, mwenye mke, watoto na msikiti anakojulikana, naye aaminiwe kwa ahadi yake. Maofisa wa probesheni wanaweza kumwandikia hakimu ripoti inayoeleza mshtakiwa anakaa wapi, anaishi na nani, anafanya kazi gani. Mzee wa mtaa na imamu wanaweza kufika mahakamani wakaulizwa. Mambo hayo yanamfunga mtu kwa watu wake kuliko hatimiliki ya shamba la Kwale.

Basi ujumbe ukiingia kwenye simu yako, changa. Halafu muulize msimamizi mambo matatu: je, mshtakiwa ameomba bondi ya kibinafsi? Je, ripoti ya probesheni imeitishwa? Na kosa lenyewe adhabu yake inazidi miezi sita? Kama kiasi ni kikubwa, wakili anaweza kuomba kipunguzwe, kwa hakimu huyohuyo au Mahakama Kuu hapa Mombasa, na asiye na uwezo wa kumlipa wakili aende Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo cha Sheria. Aliyelipa atunze risiti. Kesi ikiisha, pesa hizo ni za mtaa, na zidaiwe.