Sura ya Tano: Shilingi Zinazoamuliwa na Madiwani

Mwenyekiti wa kijiji anapouliza kwenye mkutano mkuu, "Mwakani tuanze na lipi?", majibu hayakawii. Barabara ya kwenda mnadani haipitiki masika. Kisima kimekauka. Zahanati haina nyumba ya mganga. Darasa la tatu na la nne wanabanana chumba kimoja. Mtendaji wa kijiji anaandika yote, na muhtasari unapanda kata, kisha wilayani.

Kati ya mambo hayo manne, mawili ya kwanza hayamo tena mikononi mwa halmashauri. Barabara za wilaya ziliwekwa chini ya wakala wa barabara, TARURA, mwaka 2017, na mwaka 2019 maji ya vijijini yakapewa wakala wa maji, RUWASA. Diwani aliyeomba kura kwa ahadi ya barabara anaingia barazani na kukuta kwamba barabara haina fungu katika kitabu anachotakiwa kukipitisha.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kuielewa bajeti ya halmashauri ya Tanzania Bara asianze na jumla yake. Jumla huwa kubwa, mabilioni ya shilingi, na ndiyo inayotangazwa. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo huwa imeshapangiwa kazi kabla madiwani hawajaketi. Swali linalofaa ni hili: ni shilingi zipi ambazo baraza lenyewe linaweza kuamua ziende wapi? Ni chache kuliko watu wengi wanavyodhani, na hizo chache zina historia ndefu ya kuvutaniwa.

Maombi yanapanda, ukomo unashuka

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni, lakini bajeti yake huanza kuandaliwa miezi mingi kabla. Kutoka juu, Wizara ya Fedha hutoa Mwongozo wa Maandalizi ya Mpango na Bajeti, kama inavyotakiwa na Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015. Mwongozo huo hufuatana na kile ambacho watumishi wote wa mipango hukitaja kwa neno moja: ukomo. Ni kiwango cha fedha ambacho halmashauri haitakiwi kukivuka katika mishahara, matumizi mengineyo na miradi ya maendeleo.

Kutoka chini hupanda maombi. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 vijiji na mitaa imekuwa ikitumia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao unawataka wananchi waanze kwa kuhesabu walichonacho, kama mawe, mchanga, nguvu kazi na ardhi, kabla ya kuorodhesha wanachokosa. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, huvichambua vipaumbele vya vijiji vyake na kuvipeleka wilayani.

Pande hizi mbili hukutana mezani kwa afisa mipango na mweka hazina. Maombi huwa marefu, ukomo huwa mfupi, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Wakuu wa idara hukaa na mkurugenzi mtendaji na kukata. Rasimu hupita kwenye kamati za kudumu, hasa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na kwenye kamati za ushauri za wilaya na mkoa. Mapema katika mwaka mpya baraza huitisha kikao cha bajeti. Humo wamo madiwani wa kata, madiwani wa viti maalumu na wabunge wa eneo hilo. Mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais na wala hapigiwi kura, ndiye katibu wa kikao.

Baraza likipitisha, safari bado. Vitabu huenda mkoani, kisha Ofisi ya Rais TAMISEMI jijini Dodoma, ambako huchambuliwa fungu kwa fungu. Mwisho hufika Bungeni, na kabla ya Juni kumalizika bajeti ya halmashauri zote 184 huwa sehemu ya bajeti moja ya Taifa. Nyumba ya mganga iliyoombwa kijijini, kama haikukatwa njiani, sasa ni mstari mmoja wenye namba.

Fedha iliyokuja na maagizo yake

Mafungu makubwa ya halmashauri ni manne: mishahara, matumizi mengineyo, ruzuku ya maendeleo, na mapato ya ndani. Matatu ya kwanza hutoka Hazina.

Mishahara peke yake humeza sehemu kubwa, kwa kuwa walimu na watumishi wa afya ndio wengi katika kila wilaya. Madiwani huipitisha, lakini hawawezi kuondoa hata mshahara wa mtumishi mmoja wakanunulia madawati. Ruzuku nayo huja ikiwa na jina: hii ya madarasa, hii ya kituo cha afya, hii ya dawa. Halmashauri iko katika hali ya mtoto aliyetumwa dukani na karatasi yenye orodha. Fedha anayo mkononi, lakini uamuzi ulibaki nyumbani.

Fedha nyingine hazipiti hata kwenye akaunti ya wilaya. Tangu elimu bila ada ilipofikishwa hadi sekondari mwaka 2016, fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Zahanati na vituo vya afya vilianza kupokea fedha kwa njia hiyo hiyo mwaka wa fedha 2017/18. Utaratibu huu umepunguza ucheleweshaji, na umewapa walimu wakuu na kamati za zahanati nguvu ambazo hawakuwa nazo. Hata hivyo, nafasi ya baraza kuamua imezidi kupungua.

Linabaki fungu la nne, mapato ya ndani. Hapa ndipo udiwani unapopimwa.

Ushuru wa zao, ushuru wa mgodi, bei ya kiwanja

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ndiyo inayotaja vyanzo ambavyo halmashauri inaruhusiwa kukusanya: ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni za biashara, ada za masoko, stendi, minada na machinjio, vibali vya ujenzi na vinginevyo. Viwango huwekwa kwa sheria ndogo. Kabla haijapita, wananchi hutangaziwa ili wenye pingamizi waseme, na haianzi kazi mpaka waziri mwenye dhamana airidhie.

Kila wilaya ina sura yake. Kusini, katika Mtwara na Lindi, bajeti huandikwa kwa kutazama mikorosho. Hadi mwaka 2017 ushuru wa mazao ulikuwa unafikia asilimia 5 ya bei. Mwaka huo ukashushwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha tani moja au chini ya hapo kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru. Mkulima alipata nafuu ya kweli. Halmashauri ilibaki na hesabu ngumu zaidi, kwa kuwa mapato yake sasa yalikuwa asilimia ndogo ya bei isiyotabirika. Novemba 2018 wanunuzi waliposusa bei, Serikali iliingia kununua korosho yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo, na makadirio yaliyojengwa juu ya minada ya kawaida yakayumba.

Geita inategemea dhahabu. Mikataba ya zamani ya migodi mikubwa iliweka kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka kwa malipo ya halmashauri, hata bei ya dhahabu ingepanda namna gani. Baada ya mabishano ya miaka mingi, migodi ilianza kulipa ushuru wa huduma kwa kiwango cha sheria, kisichozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yakaongeza jambo jingine: mpango wa mgodi wa kuchangia jamii sharti uridhiwe na halmashauri.

Dodoma ilipata utajiri wake ardhini. Mei 2017 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa halmashauri, wakati ambapo watumishi na wafanyabiashara walikuwa wakihamia makao makuu. Viwanja viliuzwa kwa wingi, na Dodoma ikapanda hadi mstari wa mbele kitaifa kwa makusanyo. Lakini kiwanja huuzwa mara moja. Halmashauri inayolipia shughuli za kila mwaka kwa fedha ya viwanja itafika siku ambayo shughuli zipo na viwanja havipo.

Hata mapato haya ya ndani hayako huru yote. Miongozo ya Serikali imezitaka halmashauri zipeleke asilimia 40 kwenye maendeleo, na zenye uwezo mkubwa asilimia 60 au zaidi. Aidha, tangu mwaka 2018 ni takwa la kisheria kwamba asilimia 10 itolewe mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, baada ya ukaguzi kuonesha fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi visivyokuwepo. Ilirejea mwaka 2024 kwa taratibu mpya. Ukiondoa hayo, pamoja na posho za vikao, mafuta na gharama za ofisi, kinachobaki kwa ajili ya nyumba ya mganga ni kidogo sana.

Kodi zilizoondoka

Haikuwa hivi siku zote. Serikali za mitaa zilizofutwa mwaka 1972 na kufufuliwa kikamilifu katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa na kodi ya maendeleo, iliyotozwa kila mtu mzima. Ilikuwa mrithi wa kodi ya kichwa ya mkoloni, na wananchi waliichukia kwa sababu nzuri. Maskini na tajiri walilipa karibu sawa. Mgambo waliweka vizuizi njiani, na wanaume wasio na risiti walikimbilia porini. Mwaka 2003 Serikali iliifuta na kuahidi halmashauri ruzuku ya fidia. Mateso yaliisha, lakini pamoja nayo ulikatika uzi wa moja kwa moja kati ya mlipakodi na baraza lake.

Kodi ya majengo ilikuwa na haki zaidi, kwani nyumba haihamishwi wala haifichiki, na thamani yake hupanda kwa sababu ya huduma zilizoizunguka. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mwaka 2021 ukaunganishwa na ununuzi wa umeme wa LUKU: Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ambayo mwaka 2023 ilipanda kuwa Sh 1,500, huku nyumba za ghorofa zikitozwa zaidi. Walipaji waliongezeka, kwa kuwa hakuna anayeweza kukwepa mita. Lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, na mwenye nyumba ya vyumba viwili Mbagala hulipa sawa na mwenye nyumba kubwa ya chini Masaki.

Uingereza wana kodi inayolingana na hiyo, na mfano wao unafundisha. Tangu mwaka 1993 halmashauri za huko hutoza nyumba kwa madaraja nane, A hadi H, kulingana na thamani ya mwaka 1991, na madiwani hupanga kiwango kila mwaka. Sheria inawalazimisha wawe na bajeti isiyo na pengo, na wakitaka kupandisha kupita kikomo cha Serikali Kuu, ni lazima waitishe kura ya maoni au wapate kibali. Halmashauri ya Birmingham ilipokiri mwaka 2023 kwamba haiwezi kumudu matumizi yake, mwaka uliofuata ilipewa ruhusa ya kupandisha kodi kwa asilimia 9.99 huku ikikata huduma. Wakazi waliumia. Lakini walijua mlango wa kugonga, kwa sababu aliyepanga kiwango na aliyetumia fedha ni baraza hilo hilo.

Baada ya Julai

Kupitisha bajeti ni nusu ya kazi. Makusanyo hupitia mashine za POS mikononi mwa watendaji na mawakala, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia hoja ile ile mwaka hadi mwaka: fedha iliyokusanywa kwa mashine lakini haikufika benki. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wakurugenzi kujibu. Kijijini, taarifa ya mapato na matumizi hutakiwa kusomwa mbele ya mkutano mkuu kila miezi mitatu, na mwananchi ana haki ya kuuliza kwa nini msingi uliochimbwa na wananchi wenyewe haujapata bati.

Baraza lililopewa madaraka bila chanzo cha uhakika litaendelea kukimbizana na wauza nyanya sokoni na gunia la mkulima, kwa sababu ndivyo vilivyobaki karibu. Kodi ya majengo inafaa irudishwe halmashauri. Lakini irudi ikiwa na madaraja yanayotofautisha Mbagala na Masaki, ikimdai mwenye nyumba badala ya mpangaji, na ikiwa na sharti kwamba kila mtaa utabandikiwa kiasi ulichochangia na kilichofanyika kwa fedha hiyo. Kumbukumbu za nyumba zipo tayari, kwa kuwa anwani za makazi ziliandikwa nchi nzima mwaka 2022 na mita za umeme zina namba. Kinachosubiriwa ni uamuzi wa Bunge, na wabunge wanaopaswa kuufanya ndio hao hao wanaoketi kwenye baraza la halmashauri zao kila unapofika msimu wa bajeti.