Upepo wa Breki Umepotea Usiku: Utautafuta Wapi?

(MUZIKI WA KIPINDI. UNAPANDA, UNASHUKA.)

MTANGAZAJI: Leo nazungumza na wewe taniboi, na wewe unayejifunza ufundi gereji.

Jana jioni lori la trela liliegeshwa, geji ikisoma bar 8. Asubuhi mshale umelala chini, king'ora kinalia, gari halisogei. Kwa nini? Breki ya kuegesha hufungwa na springi, na upepo ndio unaoifungua. Upepo ukiisha, magurudumu yanashikwa. Hapa kambini ni usumbufu tu. Kwenye mteremko wa Marich ni maisha ya watu.

(SAUTI YA UPEPO UKIVUJA: SSSSS.)

MTANGAZAJI: Kabla ya yote, gari liwe mahali tambarare. Weka kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Fukuza watoto wote. Jaza upepo, zima injini, kisha fuata hatua tatu.

Kwanza, acha breki ya kuegesha imefungwa. Upepo ukivuja sasa, angalia mitungi, vali za kutolea maji chini ya mitungi, na mabomba ya kichwa.

Pili, dereva afungue breki ya kuegesha ya kichwa na ya trela. Sasa upepo umefika kwenye bomba jekundu la trela na upande wa springi wa busta. Mshale ukitulia, hesabu dakika 1. Ukishuka zaidi ya psi 3, yaani kama bar 0.2, kuna kazi. Anza na mpira wa kiungo kati ya kichwa na trela. Huchakaa haraka kwa vumbi letu.

Tatu, dereva akanyage pedali na kuishikilia. Mshale ukishatulia, hesabu tena dakika 1. Usishuke zaidi ya psi 4. Sauti ikitokea hapa tu, shuku vali ya pedali, mpira wa ndani ya busta, au bomba linaloingia kwenye busta.

Ukishajua upande, chukua maji na sabuni. Paka kila kiungo. Panapotoa mapovu ndipo penye tundu, hata kama sikio halikusikia kitu.

Sasa onyo, na nalirudia kila mara: usifungue busta yenye springi. Springi ile imebanwa kwa nguvu nyingi, ikiruka inaua. Mwachie fundi mwenye vifaa. Na bomba lililopasuka libadilishwe, lisifungwe kwa mpira wa tyubu.

Najua taniboi si mwenye gari, na dereva anaweza kukuambia, "Ni upepo kidogo tu." Usibishane naye. Mwonyeshe mapovu, kisha mhesabie dakika 1 mbele ya geji. Mshale hauna ubishi.

Tukutane kipindi kijacho. Safari njema.

(MUZIKI. MWISHO.)